Siku Pua ya Kithaka Ilipokauka

Kwa miaka ishirini na miwili Kithaka alilaumu kila kitu kwa ajili ya pua yake, isipokuwa pua yenyewe. Alianza na paka, akampeleka kwa shemeji yake Siakago. Pua ikaendelea kutiririka. Akalaumu godoro, akalaumu blanketi za mkewe Wawira, akalaumu mahindi ya jirani yalipochanua. Mwishowe akalaumu hewa ya kijijini na kuhamia Majimbo, mjini Embu, na pua ikahama naye. "Mimi nina aleji," alikuwa akitangaza kila mahali, kwa sauti ya mtu anayetaja digrii yake.

Basi mfikirie siku ile Daktari Rwamba, bingwa wa pua na masikio ambaye angeweza kuwa bintiye, alipomchomachoma mkono kwa vipimo vyote na kumwambia kwamba hana aleji hata ya kusingiziwa.

"Ni neva za ndani ya pua, mzee. Zako zinashtuka bure. Zikipata baridi, moshi ama marashi, zinafungulia maji."

"Hata ya vumbi kidogo sina?" Kithaka akabembeleza.

"Hata kidogo."

Alitoka pale amenywea. Paka wa watu alikuwa amefukuzwa bila kosa.

Kilichompeleka kwa daktari hakikuwa afya bali aibu. Mwanawe wa pekee, Mwaniki, alikuwa anataka kumwoa Kawira, msichana wa Meru. Siku walipokwenda kubisha hodi kwa wazazi wake, huko juu ya Makutano, baridi na moshi wa jikoni vilimpokea Kithaka mlangoni. Pua ikafunguka, macho nayo yakaifuata, akakaa saa tatu akijipangusa mbele ya wakwe huku Mwaniki akiangalia sakafu. Kithaka akaapa kwamba siku ya mahari, miezi miwili mbele, atakaa pale mkavu.

Dawa ya kwanza ya kupulizia ilimsaidia nusu tu. Daktari Rwamba akamweleza kwamba kuna tiba mpya, wataalamu wanaigandisha neva ya nyuma ya pua kwa baridi kali, ila mashine yake hapa Embu haipo. Hapo ndipo akili ya Kithaka ilipopata wazo ambalo lingemjia mtu wa kazi yake peke yake. Yeye alikuwa mpandishaji wa ng'ombe. Watu humwita daktari, na nyuma ya pikipiki yake hubeba mbegu za madume ndani ya mtungi wa naitrojeni, baridi isiyo na kifani. Akajiuliza mashine ya nini, na baridi yote hiyo iko stoo kwake.

Akafungua kifuniko, akainama. Ule mvuke ulipomgusa tu, pua ilimwaga maji ya tangu uhuru. Wawira alimkuta amekaa sakafuni, shati limelowa.

"Baba Mwaniki," akasema, "hiyo ni ya ng'ombe."

Habari hizo zilimfikia Daktari Rwamba kabla Kithaka hajarudi kwake, kwa hiyo alipomtajia njia nyingine alimtazama kwa jicho kali. "Hii bado inafanyiwa utafiti. Inatoka kwa ule ukali wa pilipili. Tunaitia pua ganzi kwanza, halafu napuliza mara tano kwa siku moja, kila baada ya saa. Neva zinachoka kupiga kelele. Kuna wenye wanapata nafuu miezi kadhaa, kuna wenye hawapati kitu. Na pilipili ya jikoni usiguse. Tumeelewana?"

Dawa ya moto ni moto, Kithaka akajisemea, akatia sahihi. Mpulizo wa kwanza, yeye anayeshika fahali kwa pembe alimwita marehemu mamake kwa sauti, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kufikia wa tano alihisi mwasho tu. Wiki mbili baadaye pua ilikuwa kavu kabisa. Akawa anatafuta visingizio vya kupita penye mandazi yanayokaangwa. Kanisani alienda kukaa kusudi karibu na akina mama wa marashi, hata Wawira akamuuliza kama kuna jambo.

Siku ya mahari ikafika. Kwa desturi baba wa kijana hasemi. Msemaji ndiye husema, na msemaji wao alikuwa Mzee Mbaka, mtu wa maneno matamu. Kithaka alikaa wima kando yake, mkavu, akitikisa kichwa kama chifu. Alijiona amependeza. Hakuona kwamba Kathambi, mamake Kawira, alikuwa akimtazama tangu waingie, na kwamba chakula kilikuwa kimechelewa.

"Mzee Mbaka, ngoja kidogo," Kathambi akasema. "Huyu muthoni, mkwe wangu, siku ile ya kwanza alilia masaa tatu. Nikaambia wamama wa kanisa, mtoto wangu anaenda mahali anapendwa. Leo ananiangalia tu kama mtu amekuja soko ya mbuzi. Nini imebadilika? Kama mmerudi nyuma, semeni. Kawira bado ako nyumbani."

Mbaka akafungua kinywa. Kathambi akamwinulia mkono. "Aseme mwenyewe."

"Mama Kawira," Kithaka akasema, "ile haikuwa kulia. Ilikuwa pua."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Kithaka akaona jinsi alivyoharibu: sasa hata yale machozi ya kwanza alikuwa amemnyang'anya mama wa watu. Kawira aliinamisha kichwa. Kithaka akawaza kukimbilia jikoni akanuse moshi, lakini neva alikuwa amezilaza yeye mwenyewe, kwa hiari na kwa sahihi.

Ndipo alipojiona alivyo. Pua ndiyo iliyomlilia babake makaburini. Pua ndiyo iliyofurahi Mwaniki alipohitimu chuo, watu wakampigapiga mgongoni, naye akapokea pongezi kama mtu mwenye moyo laini. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema neno. Akaogopa, kisha akasimama, desturi ama si desturi.

"Mimi kusema sijui," akaanza. "Mwaniki akizaliwa, nilikuwa kwa ng'ombe ya watu huko Runyenjes. Nilikuja kesho yake. Nikamshika, nikasikia woga. Huyu kijana ndiye kitu nzuri Mungu alinipea, na sijawahi kumwambia. Na Kawira, siku ile nikiaibika, aliniletea maji ya moto na hakucheka. Nikasema kwa roho yangu, huyu akuwe mtoto wetu. Sikulia, mama. Lakini hivyo ndivyo nilisema."

Kathambi akageukia wasichana waliokuwa mlangoni. "Leteni chakula."

Watu wakaanza kupumua, Mbaka akakohoa ili aendelee na kazi yake. Mwaniki alikuwa ameinama, uso mikononi, mabega yakimtetemeka.

"Baba," akasema polepole, "mimi sikuwahi jua."

Kithaka akamshika bega. "Nilidhani pua ilikuambia."