Ukuta wa Mninga

Advera alikuwa ameupenda ukuta ule kupita kiasi, na tuseme ukweli, ulipendeka. Vipande sita vya mninga juu ya reli: uuvute, chumba cha mizigo na minyororo ya misafara ya pembe na watumwa kinapotea, na sehemu iliyobaki ya makumbusho inakuwa mgahawa. Ukiondoa meza, tayari una ukumbi wa harusi. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu arudi nyumbani Tabora, na mchana huo kamati ilikuja kula chakula cha majaribio. Wakiridhika na ukuta huu wa mfano, watatia saini ajenge kila kitu. Wakikataa, arudi kuchora ramani za vyoo vya watu mtaa wa Gongoni.

Mwenyekiti, Mzee Modest, alitaka ukuta ufungwe. Hakuwa mtu mbaya. Paa linavuja, na harusi ndizo zitakazonunua mabati. Sasa bibi harusi gani atakubali kupigwa picha na minyororo mgongoni? Advera akaufunga.

Mpishi, Mama Mektilda, ambaye babu wa babu yake alibeba pembe kutoka hapo hadi pwani, aliingia na sinia la ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, iliyoungwa kwa karanga. Akasimama.

"Mwanangu, mnakula mmejifungia?"

"Ni ukuta tu, mama."

"Kwetu mtu akila huacha mlango wazi, mpita njia akaribishwe. Anayejifungia tunamwita mchoyo. Na hao waliobeba mizigo ya humo ndani walipita hapa na njaa yao."

Hakusema kwa ukali. Aliweka sinia, akaanza kuwanawisha watu mikono.

Advera aliona haya, haya kweli. Na yeye amekulia mtaa wa Kitete, hapo hapo mjini, kwa mama ambaye asingekubali mtu ameze tonge mlango ukiwa umefungwa. Miezi minne alichora, akapima, akafuta, na jambo hilo halikumjia kichwani hata mara moja. Akainuka, akausukuma ukuta hadi mwisho.

"Karibuni," alisema taratibu, akiwa ameelekea kule kwenye mizigo.

"Binti, ukiuacha wazi sitii saini," alisema Mzee Modest.

"Basi nitauondoa kabisa kwenye ramani, mzee."

Mzee Modest akajifuta mikono, akaondoka bila kula. Wajumbe wawili waliobaki walitazamana, kisha wakavuta viti karibu na sinia, lakini kalamu hawakuigusa. Advera alijua kazi imekwenda. Akanawa, akamega tonge, akala.