Punda Aliyerukwa

Flavia hakumsalimu Masolwa Jumapili ile. Watu wote mlangoni pa kanisa walimwamkia shikamoo. Yeye akapita kama anapita kando ya kisiki. Na angemsalimiaje? Punda wake yeye Flavia, yule jike mwenye sikio lililochanika, alikuwa amefungwa pale pale ukutani, matandiko ya Masolwa mgongoni. Lo, mtu na macho yake makavu, anakuja kusimikwa mzee wa usharika juu ya punda wa mjane!

Masolwa alikuwa amemwazima tangu kiangazi, kwa kazi ya Mungu ati, asombe matofali ya kanisa siku tatu. Matofali yakaisha, paa likaezekwa, na punda akabaki kwa Masolwa akipeleka tumbaku yake stesheni ya Usoke. Flavia alipokwenda kumdai aliambiwa, "Kazi ya Mungu haijaisha, mama." Basi akawa anabeba maji kichwani kutoka bondeni, kwa njia ile ile ambayo babu yake alibebea pembe za ndovu za watu kwenda pwani. Shingo ilimuuma hata kugeuka ilikuwa taabu.

Nani angemtetea? Masolwa alikuwa karani wa baraza la mtemi. Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa wilaya, akitaka watu wa kulima barabara kwa lazima, karani ndiye anayeandika majina.

"Shemeji, leo nakuomba ufunge mdomo," Sylvester, mdogo wa marehemu mumewe, alimnong'oneza mlangoni. "Mwaka jana nililima barabara miezi miwili. Unataka nirudi?"

"Nataka punda wangu," Flavia akasema, akaenda zake upande wa wanawake.

Katika usharika ule mtu hasimikwi hivi hivi. Husimama mbele akauliza maswali ambayo nabii Samweli aliwauliza Waisraeli alipozeeka, na watu humjibu. Hata watoto waliyajua kwa moyo: ng'ombe, punda, dhuluma, rushwa. Mwinjilisti Anton alizoea kusema kwamba asiyethubutu kuyauliza hadharani hakuitwa na Mungu, kajiita mwenyewe.

Masolwa alisimama, koti limepigwa pasi.

"Nimetwaa ng'ombe wa nani?"

"Hukutwaa!" kanisa likaitikia.

"Nimemdhulumu nani?"

"Huku..." Sauti zikasita.

"Umeruka punda," Flavia akasema.

Masolwa akajitia hamnazo. "Nimepokea rushwa mkononi mwa..."

"Umeruka punda, wewe!" Flavia alikuwa amekwisha kusimama. "Samweli hakumruka!"

"Kaa chini, mwanamke! Unavuruga ibada!" Masolwa akafoka. "Kesho tutaonana barazani, wewe na watu wako!"

Anton akanyanyuka na Biblia yake. "Baraza ni kesho. Leo uko mbele ya Mungu, Masolwa. Uliza."

"Nimetwaa punda wa nani?" Sauti ya Masolwa ilikuwa ndogo.

Hakuna aliyejibu kwamba hakutwaa. Watu walitazama miguu yao, kila mmoja akiliona jembe la barabarani. Flavia machozi yakamtoka kwa uchungu. Waoga wakubwa! Wote walimwona punda yule akiyasomba matofali ya ukuta ule, na mwenyewe wanamjua. Akaigeuza shingo yake kwa maumivu, akamtafuta Sylvester upande wa wanaume.

Sylvester alikuwa ameinama. Kisha akainuka taratibu, ameshika benchi.

"Wa shemeji yangu," akasema. "Na jina langu unajua linavyoandikwa, karani."

Nyuma yake benchi likalia, mtu wa pili akasimama. Flavia hakungoja kuhesabu wangapi. Alitoka nje, akamfungua punda wake kamba, na matandiko akayabwaga mlangoni, mahali ambapo Masolwa hakuwa na budi kuyaruka.