Kuasili na Kuzoea

Mama Pindo hakuwahi kuogopa Kiingereza. Alikiokota kwa wateja waliomletea magauni ya kupunguza, na kilipomwishia alijazia kwa mikono. Kwa hiyo siku aliyokwenda kumwombea pasipoti mtoto wa marehemu dada yake, aliyechaguliwa kuogelea ng'ambo na timu ya shule, aliketi mbele ya ofisa kama mtu aliyekuja kuchukua chake.

Ofisa alikuwa na mazoea ya kumwaga Kiingereza kwa kila mtu. Aliuliza kama mama huyu ame-"adopt" mtoto. Mama Pindo akasikia "adapt", neno alilolipata kwa daktari wa macho aliyempa miwani na kumwambia macho yatazoea. Akajibu ndiyo, tena bila kusita: mwanzoni mtoto alilia na kususa chakula, lakini siku hizi chumba kizima amekigeuza chake.

Ofisa akaomba hati ya mahakama.

Mama Pindo akacheka. "Mwanangu, tangu lini mtu akazoea nyumba kwa hati?"

Ofisa akaweka kalamu chini, akaacha Kiingereza. Akaeleza kwamba yako maneno mawili ya Kiingereza yanayopishana herufi moja tu. "Adapt" ni kuzoea, mtu kujirekebisha aendane na mahali. "Adopt" ni kuasili, mtoto uliyepewa na Mungu kwa njia nyingine kuwa wako mbele ya sheria.

Binti, aliyeketi kando yake, aliinamisha kichwa, akijua safari imeingia mchanga. Mama Pindo hakuinamisha chake.

"Mama yake na mimi ni tumbo moja. Mimi ni mama yake mdogo, na hilo halikuwahi kudai muhuri. Kama sheria inautaka, nionyeshe mlango nikapige hodi."

Akaonyeshwa, akapiga. Watu wa ustawi wa jamii walikuja kukagua nyumba, kisha yeye na binti wakaitwa mahakamani. Hakimu alimwuliza binti kama anaelewa maana ya kuasiliwa.

"Ni kwamba hata tukigombana, sirudishwi popote."

Mama Pindo aliitikia kwa kichwa, na hakimu akatia sahihi.

Timu ilikuwa imeshaondoka. Binti alinuna, akanuniwa pia, wakapatana. Mwaka uliofuata alikwenda, akashika nafasi ya nne, akarudi akilalamikia ubaridi wa maji.