Manjano Nyuma ya Sikio

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyebuni kwamba mjane asimguse bibi harusi bila shaka hakuzaa. Hansa hakuyasema hayo kwa sauti. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha bintiye Hetal, ghorofani, nyumbani kwao Wheaton, Marekani, ameshika bakuli la manjano kwa mikono miwili, na alikuwa anaogopa.

Manjano hayo aliyakoroga mwenyewe alfajiri, pamoja na unga wa dengu, marashi na maji kidogo ya limau. Kukoroga aliruhusiwa. Kupaka, hapana. Wifi yake Savita, dada wa marehemu mumewe, aliyefika kutoka New Jersey na masanduku matatu na maoni yasiyoingia sandukuni, alikuwa ameshachagua wanawake saba wenye waume hai, kama mila yao ya Kigujarati inavyotaka. Walikuwa chini sebuleni wanaimba, wakimngoja Hetal ashuke wampake. Mama yake angetazama kutoka jikoni.

Kilichomuuma Hansa zaidi ni kwamba hakuweza hata kumchukia Savita, maana yeye mwenyewe aliamini nusunusu. Mumewe alianguka ghafla kazini, miaka mitatu iliyopita, mtu mzima wa afya aliyetoka asubuhi akilalamikia chumvi kwenye mayai. Je, ikiwa nuksi huambukiza kweli? Alitamani kumpaka mwanawe manjano kuliko alivyotamani kitu chochote mwaka huo. Lakini Hetal akija kupatwa na jambo, angeutazama mkono wake mpaka siku ya kufa.

"Ingia, Mama Hetal, joto linatoka," alisema Nadra, mpambaji.

Nadra alikuwa amekuja kwa treni kutoka mji wa jirani wa Alexandria, akiburuta sanduku lake la vipodozi. Yeye alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na Hansa alikulia Ganjoni, kwa hiyo tangu saa mbili asubuhi walikuwa wakiulizana nani kahama na nani kafa, hadi Hetal akauliza, kwa Kiingereza chake, kama kuna anayekumbuka kwamba bibi harusi ni yeye. Katika kila hadithi Nadra alimtia mumewe, Badawi. Badawi hanywi chai isiyo na iliki. Badawi hupiga chafya akisikia harufu ya poda. Hansa alimwonea wivu kidogo, akajiona mbaya kwa hilo.

Hetal alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amefumba macho. Siku ya manjano Nadra hapaki mashavu chochote, maana mashavu ni ya wenye bakuli. Hupamba macho na midomo tu. Alikuwa anamalizia kope la kushoto, pumzi ameibana.

"Hayo manjano, mtie kidogo nyuma ya sikio," akasema bila kugeuka. "Tungoje dakika kumi. Kuna bibi harusi wa Greenbelt alipakwa bila kujaribiwa, uso ukafura kama andazi. Tangu siku hiyo, hakipakwi kitu mbele yangu bila kujaribiwa."

"Mjaribu wewe," Hansa akasema.

"Mikono yangu ina wanja. Wewe ndiwe mama, tia."

Hansa hakusogea. Chini, wanawake walianza wimbo mwingine.

"Siwezi, dada. Mimi ni mjane. Kwetu mkono wa mjane haumgusi bibi harusi. Siyo Savita tu. Hata mimi naogopa."

"Mummy, please," Hetal akasema polepole, macho bado amefumba.

Brashi ya Nadra ikasimama hewani. Akaiweka chini, akajifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Badawi yuko kaburini mwaka wa pili sasa," akasema. "Namtaja kama yupo kwa sababu nikisema hayupo, nyumba inakuwa kubwa. Ningekwambia kama ungeniuliza. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nikatoka, nikashika brashi, na wote niliowapamba tangu hapo wako na waume zao. Mmoja alinipigia juzi kulalamika kwamba wake anakoroma." Akamtazama Hansa. "Lakini hii ni nyumba yako na mila yako. Ikiwa mkono wa mjane una nuksi, basi mwanao nimeshamgusa macho na midomo. Sema nimwoshe, nitamwosha, na sitakasirika."

Hansa akausogelea uso wa mwanawe. Aliutafutia nuksi kwa makini, kama anavyochambua mchele. Aliona nyusi za marehemu mumewe, zilizokaa sawa kwa mara ya kwanza tangu Hetal azaliwe. Hakutaka kufutwe hata kope moja.

Akachovya kidole. Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa laini na moto, mahali alipozoea kumwosha akiwa mchanga, huku akilia. Dakika kumi zilikuwa ndefu kuliko safari ya kutoka Mombasa. Ngozi haikuwasha, haikuvimba. Hansa akarudi bakulini na kiganja kizima, akapaka shavu moja, akapaka la pili, akapaka shingo, na alipoona Hetal analia, naye akashindwa kujizuia.

"Lieni tu," Nadra akasema. "Wanja langu haliogopi machozi."

Mlango ukafunguliwa. Savita alikuwa amepanda kuuliza mbona wanachelewa. Alimwona Hetal na mashavu yake ya manjano, kisha akauona mkono wa Hansa. Hansa alitaka kuuficha ndani ya sari, akaona hapana.

"Nimeanza mimi," akasema kwa Kigujarati.

Savita naye alikuwa akimtazama Hetal nyusi, zile za kaka yake, na kidevu kikaanza kumcheza.

"Huanzwa miguuni," akasema hatimaye, kwa ukali wake uleule. "Miaka yote hii hujajifunza?"

Akatoka, akafunga mlango. Wakamsikia kwenye ngazi akiwaambia wanawake saba kwamba bibi harusi bado hajawa tayari, waimbe wimbo mwingine, tena uwe mrefu. Hansa akapiga magoti kwenye zulia, akaushika mguu wa mwanawe.