Chupa Iliyojaa

Raheli hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Hata kibiriti kilichokwisha alikitunza. Mwaka ule wa vijiji, sabini na nne, mumewe Sefania aliandikwa katika kundi la watu wa Malindi, hii yetu ya milimani Lushoto, waliotakiwa kushuka Mombo bondeni kulima shamba la ujamaa. Yohane, dresa wa zahanati, akampa Raheli chupa ya vidonge iliyobandikwa karatasi yenye neno la Kiingereza: prophylaxis.

"Ndiyo nini hiyo?" Raheli akauliza.

"Kinga, mama Klara. Kuzuia ugonjwa usiingie. Nyie watu wa baridi hamjaizoea homa ya mbu. Mumeo ameze kimoja kila Jumapili, akiwa mzima."

Akiwa mzima! Haya, makubwa! Tangu lini mtu mzima akanywa dawa? Kwetu milimani kumeza dawa bila kuugua ni kuuita ugonjwa kwa jina lake. Na dawa zenyewe adimu! Nyumbani Raheli akaitoa chupa mkobani, akaifunga kwenye kanga, akaitia sandukuni chini ya Biblia.

"Ukiugua tu, nitumie mtu," akamwambia mumewe. "Nitakushushia mwenyewe."

Sefania, mtu asiyependa ubishi, akacheka, akaenda zake.

Zikapita Jumapili sita. Kila akitoka kanisani Raheli alifungua sanduku, akaitazama chupa yake, akafurahi kuiona imejaa.

Wiki ya saba wanaume wanne wakampandisha Sefania kwa machela mpaka zahanati. Macho ya njano, maneno hayana kichwa wala miguu. Raheli alikimbia nyumbani, akarudi akihema, chupa mkononi.

"Hizi hapa, bwana Yohane! Zote! Sijagusa hata kimoja!"

Yohane akaipokea chupa, akaisoma tena karatasi yake. Heri angemgombeza.

"Hizi huizuia homa, mama Klara. Ikishaingia haziitoi."

"Mchome sindano basi!"

"Zimekwisha tangu juzi. Nimetuma mtu Lushoto, lakini mvua imekata barabara."

Raheli akaketi sakafuni. Sefania akafumbua macho, akaiona chupa mkononi mwa dresa, akatabasamu.

"Umenitunzia, mke wangu," akasema kwa Kishambaa. "Nilijua. Nilikuwa nawaambia wenzangu, mimi dawa yangu ipo nyumbani."

Akafungua mdomo, akangoja. Raheli akamwekea kimoja ulimini, naye Yohane akamletea kikombe cha maji.