Sikio la Upande wa Ukuta

"Redio hiyo unaipunguza, au niing'oe na ukuta wake?"

Jirani yangu mlinzi alisimama mlangoni, shuka begani, macho mekundu kama pilipili. Yeye hukesha kazini na kulala mchana. Mimi hushona mchana, na cherehani yangu bila redio na umbea haiendi. Kati yetu ukuta mmoja mwembamba na ugomvi wa miaka.

"Mbona iko chini, kaka? Au umekosa wa kumnunia?"

Wateja wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alizunguka nyuma yangu, nami nikaendelea kutunga uzi. Nilipoinua uso, nyumba nzima ilikuwa imenyamaza, ikinitazama.

"Nimekuita hapo sikioni, dada," alisema, sasa yuko mbele yangu. "Tangu lini?"

Tangu juzi. Mafua yaliniangusha, na yalipoaga yakaondoka na sikio la kulia, lile la upande wa ukuta. Nilijidanganya kuwa ni nta. Sikumwambia mtu kwamba sasa nilicheka baada ya wengine, nikifuata midomo yao. Kwa mtu kama mimi, kukosa maneno ya watu ni kukosa hewa.

"Sikio halisubiriwi. Vaa viatu."

Hata leo nikisimulia ya hospitali, wateja huanza kucheka kabla sijamfikia nesi. Alinivalisha vipokea sauti, akanipa kitufe: nikisikia mlio, nibonyeze. Mimi shule yangu ni mtaa. Uso wa mtu nausoma kama gazeti. Kila mara nesi aliposogeza mkono, nikabonyeza. Nikajiona bingwa.

"Mama," akasema, "hapo nilikuwa najikuna pua."

Mlinzi, aliyekuwa akisinzia mlangoni, alicheka hadi akaegemea ukuta.

Kiti kikageuzwa. Mbele yangu ukabaki ukuta mweupe, usio na uso wa kusomwa. Nikasubiri. Kidole kikakaa juu ya kitufe, hakina kazi. Hapo ndipo mzaha uliponiishia.

Daktari alisema mshipa wa kusikia huenda umeumizwa na yale mafua, na kwamba nimefanya vema kuwahi. Akaniandikia vidonge.

"Litarudi, daktari?"

"Huenda lote, huenda nusu, huenda lisirudi. Meza dawa, kisha uje nilipime."

Nyumbani wateja wakawa wanagombea kiti cha kushoto. Aliyechelewa, umbea wake ulinifikia kwa kupitia mwenzake, tena ukiwa umeongezwa chumvi.

Mchana mmoja walikuwa wameondoka. Nilizima redio, nikaanza kupakua chakula. Kukatokea kitu kama msumeno kwenye mti mbichi, kwa mbali. Nikaziba sikio la kushoto kwa kidole. Msumeno bado ulikata.

Mkoromo wa mlinzi! Ule ule nilioulaani miaka yote. Nikaketi sakafuni, sikio la kulia ukutani, mwiko mkononi, nikausikiliza kama mtu aliyepigiwa muziki wa harusi yake.

Ghafla ukakatika. Ndara zikaburuta. Mlango ukagongwa, nami nikageukia upande uliogongwa.

"Kulikoni, dada?" Shuka begani, uso umejaa hofu. "Mbona kimya? Nimeshtuka, usingizi umeruka."

Kidole changu kilikuwa bado kimeziba la kushoto. Hata neno moja halikunipita.

"Hilo shuka weka kwenye kiti, kaka," nikamwambia. "Nawa mikono, uingie tule."