Likizo ya Marehemu

Siku ya kwanza katika mji wa ufukweni, mama alipanga nguo zake kabatini, akajipaka mafuta ya jua puani, akashuka baharini na taulo la hoteli begani. Safari alilipiwa na binti yake, aliyeona mama anazidi kukonda tangu afiwe. Hatua ishirini kupita miavuli akamkuta marehemu mumewe amesimama juu ya ubao, anateleza na wimbi, mikono kainyoosha, kitambi kimempungua.

"Mama watoto!" marehemu aliita alipofika mchangani. "Nishikie kandambili. Nikiziacha hapa zinasombwa na maji."

Mama akazipokea kabla hajafikiri.

"Na mgongo?" aliuliza, maana ni mgongo huo uliomzuia mzee kubeba hata ndoo ya maji.

"Umepona."

Mkodishaji wa mbao, mwanamke mwenye filimbi shingoni, alimweleza mambo huku akiendelea kupaka ubao nta. Wazee hawa ni wale ambao hawakuwahi kwenda likizo. Wanaahirisha, wanaahirisha, halafu wanakufa, na siku zao zote wanapewa hapa kwa mkupuo. Hawana matata, ila wanapenda kujipendelea mawimbi ya asubuhi. Kweli, majini walikuwemo mwalimu mkuu mmoja, dereva wa treni na wahasibu wawili. Kila mmoja alikuwa na mjane wake amekaa kwenye kiti cha kukunja, kapakata kandambili. Mama naye akaletewa kiti.

Marehemu alikuwa karani wa masjala. Kila mama alipoomba wasafiri wakaone bahari, aliambiwa masjala haiwezi kukaa bila yeye hata wiki moja. Masjala ilikuwa bado imesimama. Mama aliipita juzi akiwa ndani ya basi.

Siku ya kwanza hakuwa na kinyongo. Siku ya pili kikamwingia. Siku ya tatu, akiwa anakamua bukta ya marehemu, kikamjaa tele. Miaka thelathini na moja aliyokaa mzee masjala, yeye aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku iendayo kwa Mungu. Alilea watoto wanne, akamuuguza mama mkwe mpaka mwisho, akapiga pasi mashati yote ya masjala. Akaweka bukta chini, akakodi ubao, akaingia majini akalala kifudifudi kama alivyoona wengine wakifanya.

Wimbi likaja. Lilipomfikia likainama, likampita chini kwa adabu, kama mtu anayekatiza mbele ya wageni sebuleni, likaenda kumbeba mwalimu mkuu.

"Huna siku," mkodishaji alimwambia. "Hapa wimbi halimbebi asiye na siku. Kamwone Bwana Daftari."

Bwana Daftari, marehemu pia, alikaa chini ya mwavuli wa mwisho, tai imelowa. Alipekua kurasa mbele na nyuma.

"Kazi yako, mama?"

"Nyumbani."

"Nyumbani hakuna mwajiri. Pasipo mwajiri hakuna likizo."

"Na nikifa?"

"Hata ukifa."

"Basi baba watoto anigawie siku moja katika zake."

"Inaruhusiwa. Atie sahihi tu."

Marehemu akaitwa. Alijikuna kichwa kama aliyeombwa figo.

"Siku nzima?"

"Moja tu. Kesho kutwa naondoka."

"Lakini kesho mawimbi ni makubwa, mama watoto. Si ungesema mapema?" Akabeba ubao wake, akarudi majini mbio.

Ilimuuma kuliko siku ya msiba. Siku ile angalau mzee hakuondoka kwa hiari yake. Mama alisimama pale, machozi yakamlengalenga, na jua likaendelea kumchoma puani.

Bwana Daftari akakohoa. "Samahani, mama. Na mimi siku zangu zinakwisha. Nishikie daftari kidogo, nidandie wimbi moja."

Mama akakaa kwenye kiti cha Bwana Daftari. Alitazama huku na huku, akafungua ukurasa mpya, akachukua kalamu. Akaandika majina yake matatu. Kazi: nyumbani. Miaka: thelathini na moja. Akafikiria sana kwenye safu ya mwisho, maana hakutaka kuonekana mwenye tamaa, akaandika: siku moja. Akapuliza wino ukauke.

Bwana Daftari alirudi akichuruzika maji. Aliusoma mstari ule mara mbili. Kisha akatoa rula mfukoni, akaukata kwa kalamu taratibu, bila kuchafua ukurasa.

"Una mwandiko mzuri sana, mama," alisema. "Ukifa, njoo kwangu moja kwa moja. Tuna upungufu wa makarani."

"Huyo karani anapewa likizo?"

Bwana Daftari alivua miwani, akaikung'uta maji.

"Tuanze kwanza na kazi," alisema.